Wanaosubiri ndevu Shishiyu

Kwenye kijiwe cha bodaboda umri wa mtu husomwa usoni. Mwenye mzuzu na masharubu huitwa kaka, bosi, hata mzee, ingawa mwaka juzi tu alikuwa kidato cha nne. Mwenye kidevu laini ni dogo. Ataendesha pikipiki miaka mitatu, atamwezekea mama yake nyumba ya bati, ataoa na kupata mtoto, na abiria bado atamwita, "Dogo, nipeleke Malampaka." Wenzake watacheka. Naye atacheka pamoja nao, kisha jioni ajifungie ndani na kioo, ajipapase mashavu kutafuta unywele ambao jana haukuwepo.

Jambo hili vijana hawalisemi hadharani. Msichana akichelewa kukua, shangazi na bibi watamweka chini wamuulize. Mvulana hana wa kumuuliza. Baba yake hazungumzi naye habari za mwili, mwalimu wa sayansi alipita kwenye mada ya balehe haraka haraka huku darasa zima likicheka, na mwenzake wa rika moja anajua uongo uleule anaoujua yeye. Basi humwendea muuzaji. Na mteja mwenye aibu haulizi dawa imetengenezwa na nini, inatoka wapi, wala kama imewahi kumdhuru mtu yeyote. Analipa, anaificha chupa chini ya godoro.

Shishiyu ni kata ya Wilaya ya Maswa, Mkoa wa Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumega Shinyanga na sehemu ya Mwanza, makao makuu yakawekwa Bariadi. Ni nchi ya Wasukuma, ya pamba, dengu na mpunga, ya ng'ombe na ya michembe inayoanikwa juani baada ya mavuno ya viazi. Ninaitaja kwa sababu Usukuma una habari yake ya pekee katika suala hili. Wasukuma hawakuwa na jando. Kwa Wakurya au Wamakonde kijana aliingia porini mtoto, akatoka mtu mzima, na kijiji kizima kikashuhudia. Msukuma hakuwa na siku kama hiyo. Tohara yenyewe imeenea katika mikoa hii zaidi kupitia kampeni za afya za miaka ya karibuni za kupunguza maambukizi ya Virusi vya Ukimwi, nayo hufanyika kituo cha afya, kwa ganzi na cheti, bila mafunzo ya utu uzima.

Utu uzima wa Msukuma ulihesabiwa shambani. Kijana alijiunga na basumba, vijana wa kijiji, chini ya kiongozi wao aliyeitwa nsumba ntale. Walialikwa kulima shamba la mtu, wakajipanga mstari, ngoma ikapigwa, majembe yakapanda na kushuka kwa mdundo mmoja. Ngoma ya bugobogobo, ambayo leo huchezwa jukwaani na majembe yakirushwa juu, ni ya kilimo hicho cha pamoja. Hapo ndipo mzee mwenye binti alipotazama: nani anafikisha mstari wake mwisho, nani anakaa kivulini, nani anaaminiwa na wenzake. Baadaye wakaja ng'ombe wa mahari, mji wake mwenyewe, watoto. Katika hesabu hiyo yote sijaona mahali ndevu zilipowekwa.

Kipimo hicho kimelegea. Plau na trekta vimechukua sehemu kubwa ya kazi ya basumba, vijana wametawanyika, wengine machimboni Geita na Kahama, wengine Mwanza na Dar es Salaam, na waliobaki wako barabarani na pikipiki. Kilichojaa mahali pake ni picha. Msanii wa Bongo Fleva mwenye ndevu zilizochongwa kwa mstari kama umepigwa na rula anaonekana kwenye simu ya kijana wa Shishiyu mara nyingi zaidi kwa siku kuliko baba yake mzazi. Ndevu zimekuwa cheti cha utu uzima kwa kizazi ambacho hakuna aliyekipa cheti kingine. Kwa hiyo simwoni kijana huyu kuwa mpuuzi. Anachokitafuta ni heshima, na amepelekwa kuitafuta mahali ambapo hana uwezo wowote.

Hana uwezo kwa sababu ndevu hazina haraka. Mizizi yote ya nywele za uso mtu huzaliwa nayo. Hakuna mafuta yanayoongeza hata mmoja. Utotoni mizizi hiyo hutoa malaika, vile vinyweleo laini visivyoonekana kirahisi. Balehe ikianza, homoni ya testosteroni hupanda, na katika ngozi sehemu yake hugeuzwa kuwa homoni yenye nguvu zaidi, dihidrotestosteroni. Hiyo ndiyo inayouamrisha mzizi mmoja mmoja uache malaika uanze unywele mnene, mweusi. Amri hiyo haifiki kote kwa siku moja. Kwa kawaida huanzia pembeni mwa mdomo wa juu, huenea ikawa masharubu, halafu hupanda juu ya mashavu na chini ya mdomo, na mwisho hufika kandokando ya uso na kidevuni. Wengi huanza kati ya miaka 14 na 16, lakini mashavu yanaweza kuendelea kujazika hadi mtu afikishe miaka 25, hata kuvuka 30. Kijana wa miaka 19 anayejilinganisha na msanii wa miaka 34 anajilinganisha na uso ambao wakati wake haujafika.

Tena kuna urithi. Watu wawili wanaweza kuwa na testosteroni sawasawa katika damu, mmoja akawa na ndevu hadi kooni, mwingine nywele chache za kuhesabika, kwa kuwa mizizi ya huyu ni mizito kuisikia amri. Mwaka 2016 jarida la Nature Communications lilichapisha utafiti uliowahusisha watu zaidi ya 6,000 wa Brazil, Chile, Colombia, Mexico na Peru, ukaonyesha jeni kadhaa zinazohusiana na unene wa ndevu. Na kijana asiishie kumtazama baba peke yake. Maelekezo ya kipokezi kinachoipokea homoni hiyo mwilini yako kwenye kromosomu ya X, ambayo mtoto wa kiume huipata kwa mama. Wajomba nao watazamwe.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote unatoka mbali, kijiji cha Las Salinas katika Jamhuri ya Dominika. Mwaka 1974 daktari Julianne Imperato-McGinley na wenzake walieleza katika jarida la Science habari za ukoo ambao baadhi ya watoto wake walilelewa kama wasichana, kisha walipobalehe wakageuka wanaume: sauti nzito, misuli imara, maumbile ya kiume. Mwili wao ulikosa kimeng'enya cha kuigeuza testosteroni kuwa dihidrotestosteroni. Walipokua ndevu zao zilikuwa haba sana, na upara haukuwapata. Homoni ileile inayootesha ndevu ndiyo inayozikausha nywele za utosini kwa wenye urithi wa upara. Watu hao wa Las Salinas walikuwa wanaume, nyuso zao zikiwa karibu tupu.

Turudi kwenye kibanda cha kinyozi, maana huko ndiko mambo yanakofanyika. Kibanda ni cha mabati, umeme wa sola, ukutani bango la mitindo ya nywele limefifia kwa jua. Kijana anaketi, anafungwa kitambaa shingoni, mashine inapita kichwani. Kisha kinyozi anauliza kwa sauti ya chini, "Na ndevu tuzichonge?" Hakuna cha kuchonga. Kuna malaika mashavuni na nywele chache chini ya mdomo. Kinyozi anakoroga dawa nyeusi ya nywele kwenye kifuniko cha chupa, anachovya mswaki wa zamani, na kuanza kuchora. Mswaki unafuata taya kutoka sikioni hadi kidevuni, unageukia mdomoni, unakamilisha duara. Malaika yanashika rangi, ngozi nayo inashika. Baada ya dakika kumi anafuta kwa kitambaa chenye maji, anazungusha kioo. Kijana anatabasamu. Ana ndevu, na zitadumu siku nne, pengine tano, kabla ya jasho na sabuni kuzimaliza.

Ninaielewa furaha ile. Lakini dawa nyingi nyeusi za nywele, pamoja na piko linalochanganywa ili liive haraka, zina kemikali iitwayo parafenilenidiamini. Imetengenezwa kwa ajili ya nywele, na maelekezo yake huonya isikae kwenye ngozi. Wapo wanaopakwa mara nyingi bila shida, kisha siku moja mwili unaikataa: uso unawasha, kope zinavimba hadi macho yasifunguke, ngozi inatoa malengelenge na maji. Mwili ukishaikataa, huikataa maisha yote. Hata kidogo tu baadaye huleta balaa. Huko Sudan, ambako kemikali hiyo huchanganywa na hina, hospitali za Khartoum zimepokea watu wengi walioimeza, koo limevimba wasiweze kupumua na figo zimefeli. Kuipaka si kuimeza, lakini ni kitu kilekile, na kinyozi anakipaka sentimita moja kutoka mdomoni.

Imani ya wembe ndiyo kongwe. Kila mvulana ameambiwa anyoe mara kwa mara, hata kama hakuna kitu, ili zije kwa wingi. Mwaka 1928 mtaalamu wa anatomia Mildred Trotter, wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, alichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanaume wanne walionyoa ndevu kwa utaratibu aliowapangia. Unene haukubadilika, rangi haikubadilika, kasi haikuongezeka. Mzizi uko chini ya ngozi na wembe haufiki huko. Unywele uliokatwa huwa na ncha butu badala ya ncha nyembamba, basi unapoanza kutokeza hukwaruza kidole na kuonekana mweusi zaidi. Kijana anadhani ndevu zimeongezeka.

Hasara ya wembe huwapata zaidi watu wa nywele za kujisokota kama zetu. Unywele uliokatwa kwa wembe chini kabisa hubaki na ncha kali chini ya mdomo wa tundu lake. Ukianza kurefuka hujipinda na kurudi kuichoma ngozi kutoka ndani, au hutoka nje kidogo kisha ukazama tena pembeni. Mwili huona kitu kigeni, unavimba, kipele kinajaa usaha. Ukikitumbua, kinaacha doa jeusi, na kwa wenye asili ya makovu makubwa kinaweza kuacha uvimbe mgumu usioondoka. Vijana wengi wenye shingo zilizojaa vipele walianza kujinyoa malaika kwa wembe mkavu wakiwa na miaka 16, wakiyaita ndevu. Wembe wa kuazimana nao una mambo yake, na mashine isiyosafishwa husambaza fangasi. Sidhani kama hayo yanahitaji maelezo katika nchi iliyofundishwa habari za Ukimwi tangu miaka ya 1980.

Kuna uvumi mwingine, na huu unanitia wasiwasi zaidi: kwamba ndevu huja kijana akianza kukutana na wanawake. Asiyekuwa nazo anaambiwa dawa ni hiyo. Inawezekana umetokana, kwa njia ndefu, na barua iliyochapishwa mwaka 1970 katika jarida la Nature. Mwanasayansi mmoja asiyetajwa jina, aliyekuwa akiishi peke yake wiki nyingi kisiwani, alikusanya kila siku unga wa ndevu kutoka kwenye mashine yake ya kunyolea, akaupima. Aliona ndevu zinaongezeka kasi siku za karibu na kurejea kwa mwenzi wake. Ni barua ya kuvutia, lakini ni ya mtu mmoja, mwenye ndevu kamili tayari, akipima kasi ya nywele alizokuwa nazo. Haisemi lolote kuhusu kuotesha zisizokuwepo. Kumsukuma mvulana kwa binti wa watu ili aote ndevu ni kuwaingiza wote wawili kwenye hatari ya mimba na maradhi kwa ajili ya jambo ambalo miaka italileta yenyewe.

Madukani na kwenye simu zipo chupa. Nyingi ni mafuta: ya nyonyo, ya nazi, ya karafuu, yenye picha ya mwanamume mwenye ndevu za simba. Mafuta ya nyonyo hulainisha ngozi na kuzing'arisha nywele zilizopo, hilo tu. Kitunguu saumu kinachosuguliwa mashavuni huunguza. Dawa yenye ushahidi kidogo ni minoksidili. Ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu, kikaidhinishwa Marekani mwaka 1979. Wagonjwa wakaota nywele mwili mzima, ndipo ikatengenezwa ya kupaka kichwani, ikaruhusiwa huko mwaka 1988. Kwa ndevu, watafiti wa Thailand waliijaribu kwa wanaume 48 kwa wiki 16, matokeo yakachapishwa mwaka 2016: walioipaka walipata nafuu kuliko waliopaka kimiminika kisicho na dawa. Ni nafuu ya kiasi, na dawa hukausha ngozi, huwasha, wengine moyo huwaenda mbio. Nyumbani kwenye paka iwekwe mbali kabisa, maana kwa paka ni sumu. Anayetaka kuitumia amwone mfamasia mwenye duka lililosajiliwa. Dawa Tanzania husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na vipodozi, tangu mwaka 2019, viko chini ya Shirika la Viwango. Chupa isiyo na jina la mtengenezaji, viambato wala tarehe haijapita kwa yeyote kati ya hao.

Sindano za testosteroni, zinazouzwa kwa siri kwenye majumba ya mazoezi mijini, ningependa kuzizungumzia kwa herufi kubwa kama gazeti lingeniruhusu. Mwili ukipewa testosteroni kutoka nje, korodani huacha kufanya kazi yake na mbegu za uzazi hupungua. Mwaka 1990 Shirika la Afya Duniani lilichapisha matokeo ya jaribio la wanaume 271 katika nchi saba waliodungwa homoni hiyo kila wiki, na lengo la jaribio lilikuwa uzazi wa mpango. Zaidi ya nusu yao walifikia kutokuwa na mbegu hata moja. Kwa wengi hali hurudi baada ya kuacha, ila huchukua miezi. Usukuma, ambako mwanamume asiye na mtoto hunong'onwa maisha yake yote, kijana ananunua sindano hiyo ili aonekane mwanamume.

Na maana ya ndevu haijawahi kukaa mahali pamoja. Mapadre wa Shirika la Wamisionari wa Afrika waliofika Bukumbi, kusini mwa Ziwa Victoria, mwaka 1883 walikuwa na desturi ya kufuga ndevu ndefu. Mwalimu Nyerere alikuwa na masharubu madogo tu, Patrice Lumumba mzuzu mwembamba. Kenya, mwaka 1981, waziri Charles Njonjo aliwabandika wabunge saba wakorofi jina la dada saba wenye ndevu, ndevu zikiwa kwa watawala alama ya ukomunisti. Miongoni mwao walikuwemo James Orengo, Koigi wa Wamwere na Chelagat Mutai, ambaye alikuwa mwanamke. Leo kijana huyo huyo anayezililia ndevu akichaguliwa kujiunga na jeshi au polisi ataamriwa aje amenyoa safi.

Nimeacha kwa makusudi jambo moja hadi sasa, kwa sababu ni la wachache na sitaki litishe wengi. Yupo kijana ambaye uso mtupu ni dalili. Mwaka 1958 daktari Ananda Prasad, mzaliwa wa India, aliletewa Shiraz, Iran, kijana wa miaka 21 mwenye mwili wa mtoto wa miaka 10, asiye na unywele wa balehe popote. Alikuwa akila mikate ya nafaka isiyokobolewa, karibu bila nyama, na udongo. Baadaye nchini Misri, mwaka 1963, Prasad na wenzake walithibitisha kwamba vijana wa hali hiyo, wengi wakiwa na kichocho na minyoo, walikosa madini ya zinki. Walipopewa, balehe ilianza ndani ya miezi michache. Kichocho bado kipo katika mito, mabwawa na majaruba ya Kanda ya Ziwa. Nyama, dagaa na dengu vina zinki, na uji uliochachuliwa huruhusu mwili kuipata zaidi kutoka kwenye nafaka. Lakini mwenye afya anayekula vizuri haongezi ndevu kwa kumeza vidonge vya zinki.

Kisha kuna selimundu. Inakadiriwa Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 kila mwaka wenye ugonjwa huo, na Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yenye mzigo mkubwa. Mvulana mwenye selimundu mara nyingi hubalehe mwaka mmoja, miwili au zaidi baada ya wenzake. Huyu ameshavumilia maumivu ya mifupa, kuongezewa damu na kukosa shule. Kumwita dogo ni kumuumiza palepale panapomuuma. Wazazi wake wajue kwamba kwa wengi balehe huja, inachelewa tu, na kwamba kliniki yake na dawa ya haidroksiyurea, kama daktari ameiandika, zisikatizwe.

Kipimo cha kumpeleka mtoto hospitali ni hiki: amefikisha miaka 14 na korodani hazijaanza kukua, au urefu umesimama, au hasikii harufu ya chakula wala ya maua na balehe haionekani, kwani hayo mawili yakikutana huashiria tatizo la homoni linalotibika. Vilevile ndevu zilizokuwepo zikinyofoka kwa mabaka ya mviringo, aonwe. Aanzie kituo cha afya, apelekwe Hospitali ya Wilaya ya Maswa, na ikibidi ile ya Rufaa ya Mkoa, Bariadi. Lakini aliyefikisha miaka 20, sauti imekuwa nzito, makwapa yana nywele, na mashavu peke yake ndiyo matupu, hana kipimo anachokihitaji. Kwa kinyozi aombe mashine tu, isafishwe kwa spiriti mbele yake, na mswaki ule wa rangi aukatae.